Mwanangu Anajua

Wewe uliyeniuliza kama kazi ya kupanga rafu madukani inafaa, vuta stuli ukae. Nitakueleza yote, ila itabidi kwanza unisikilize habari za mtu mmoja. Siwezi kuieleza kazi hii bila kumweleza yeye, kwa sababu kila ambacho mikono yangu inakijua kimetoka kwake, pamoja na kile kilichoniumiza.

Kazi yenyewe ni hii. Kampuni inatengeneza sabuni huko mjini, gari linaileta Ifakara, mwenye duka anaipokea na kuilaza stoo. Kati ya stoo na mkono wa mteja kuna mtu anayekuja siku alizopangiwa. Anafungua maboksi, anafuta vumbi, anapanga, anapiga picha na kuituma kwa simu, anaondoka. Dukani si mwajiriwa, na kwenye kampuni hana meza wala kiti. Analipwa kwa siku anazofanya. Mimi nilikuwa na Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine nilishona nguo barazani. Na hili lielewe mapema: kampuni inakupa siku kulingana na rafu ulizonazo. Ukipoteza rafu ya usawa wa kifua kwenye maduka makubwa ya mtaa wa Kibaoni, huna kazi, una fulana tu yenye nembo ya kampuni.

Huyo mtu tulimwita Msimamizi. Cheo kilikuwa kidogo kuliko kinavyosikika, maana naye alilipwa kwa siku kama sisi. Tofauti ni kwamba alizunguka bonde zima, kuanzia Kidatu mpaka Mngeta, akitufundisha na kutukagua. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini, na kitambaa cha kufutia vumbi kilikuwa kimechomekwa kiunoni wakati wote, hata akiwa njiani. Aliingia dukani kama mtu anayeingia msibani, taratibu, akimsalimia kila aliyepo kwa mkono mpaka mbeba mizigo. Akimkuta mwenye duka ana wateja, alisimama pembeni akingoja, hata kama bodaboda aliyemleta anapiga honi nje.

Alifundisha kwa maneno machache. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya rafu, akaniambia ninyooshe mkono bila kufikiri. Nikanyoosha.

"Umegusa wapi?"

"Hapa, usawa wa kifua."

"Na mteja atagusa hapo hapo. Ya juu ni ya warefu, ya chini ni ya panya. Sisi tunataka hapo ulipogusa."

Kisha akanieleza jambo ambalo wakubwa wa kampuni hawakuwa wakilijali, kwa sababu kule kwao watu hupokea mshahara kila mwezi. Katika bonde letu rafu inafuata mpunga. Watu wanapokuwa mashambani wakiamia ndege wasile mpunga, nyumbani hakuna kitu, mtu anatuma mtoto akalete pakiti ndogo ya kufulia mara moja. Kipindi hicho pandisha pakiti ndogo usawa wa kifua. Mpunga ukishavunwa, mtu anataka boksi zima, na anataka majirani wamwone amelibeba. Hapo shusha ndogo, pandisha kubwa. Jaribu hilo na wewe, utaona linavyofanya kazi.

Kulikuwa pia na alama yake. Tukimaliza kupanga, rafu imejaa na majina yote yanatazama mbele kama wanafunzi mstarini, yeye alichomoa pakiti moja ya mbele, kulia kidogo, akairudisha kwenye boksi. Lilibaki pengo.

"Rafu iliyojaa kabisa inamtisha mtu," alisema. "Anaona akigusa ataharibu. Mwachie alama kwamba mwenzake ameshachukua."

"Lakini hakuna aliyechukua, Msimamizi."

"Mimi si nimechukua? Basi mwenzake ni mimi."

Nilicheka. Wakati ule nilicheka kila alichosema, kwa sababu alikuwa na ulimi. Kijana mmoja wa Mngeta alipanga sabuni zikatazamana ubavu kwa ubavu, Msimamizi akazikagua kimya, halafu akamwambia, "Hizi umezipanga zinapiga soga zenyewe. Mteja akija aseme hodi?" Mwingine aliyegeuza pakiti nyuma mbele aliulizwa, "Kaka yangu, sabuni imekukosea nini mpaka umeipa adhabu ya kutazama ukuta?" Hakuna aliyenuna. Alikutania, kisha akachuchumaa na kupanga upya pamoja nawe, na mnapomaliza unajiona fundi.

Nyumbani kwake Katindiuka kulikuwa kioja. Mtu ambaye hakuweza kuvumilia pakiti iliyoinama alikuwa na sebule ambayo ndoo, mahindi, madaftari ya wajukuu na nguo za kupiga pasi vilikaa kochi moja. Ukitaka kuketi ulihamisha kwanza. Kule nyuma, karibu na kamba ya kuanikia, alifulia sabuni ya mche, ile inayokatwa vipande sokoni. Niliiona mara ya kwanza nikadhani ni ya mgeni.

"Ya kwetu inanikausha mikono," alisema bila aibu.

"Na kule dukani unawaambia watu nini?"

"Mimi siwaambii watu kitu. Mimi napanga."

Nililichukulia kama utani mwingine. Leo nadhani alikuwa ananieleza kuhusu nafsi yake kwa uwazi kuliko siku nyingine yoyote, nami nilikuwa natafuta mahali pa kukaa kati ya mahindi na nguo.

Sasa nikueleze rafu hupatikanaje kwetu, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea. Nasikia kwenye miji mikubwa kampuni hulipia nafasi na kusaini mkataba. Hapa Ifakara mwenye duka anakupa rafu kwa mdomo, na anampa mtu, hampi kampuni. Msimamizi alizipata rafu za Kibaoni kwa miaka. Mwaka ambao maji yaliingia madukani alikunja sketi akasaidia kuhamisha chumvi na unga mpaka jioni, bidhaa ambazo hazikumhusu. Alizika na watu. Wenye maduka waliotoka upande wa Mahenge aliwasemesha Kipogoro, na mzee mmoja mwenye duka kubwa kuliko yote pale Kibaoni alipenda kuongea naye mpaka wateja wakawa wanalalamika.

Kwa mzee huyo ndiko alikonipeleka alipoona nimeiva. Nilimwamkia, akaitikia. Msimamizi akanishika bega.

"Huyu ni mwanangu. Nikikosekana mimi, yupo yeye. Akikosea, usimgombeze, niambie mimi."

"Wa kumzaa?" mzee aliuliza.

"Wa rafu," akasema, wakacheka wote wawili. Lakini baada ya hapo hakuna aliyekumbuka nyongeza hiyo. Nikawa mwanawe. Duka la pili hivyo hivyo, la tatu hivyo hivyo. Wenye maduka waliniita mtoto wa mama, wakanipa maji ya kunywa, wakanibakishia rafu ya usawa wa kifua hata pale watu wa kampuni nyingine walipokuja na zawadi za kalenda.

Nami sikuliona kuwa jina la kazini tu. Mama yangu mzazi yuko Mngeta, analima mpunga. Nilipojifungua, mvua ilikuwa imekata barabara, hakuweza kufika. Aliyekuja alfajiri na kuni kichwani, akachemsha maji, akanikanda mgongo na tumbo mpaka nikapata usingizi, alikuwa Msimamizi. Alikuja hivyo mpaka njia ilipofunguka. Mtu aliyekukanda baada ya uzazi huanzi kujiuliza anapokuita mwanangu ana maana gani.

Ndiyo maana alipotuaga, nililia mbele za watu. Alisema magoti yamechoka na safari, anakwenda kukaa Katindiuka alime mpunga wake na kulea wajukuu. Wapangaji wote wa rafu tulichanga tukamnunulia kitenge. Alikijaribu palepale juu ya sketi, akazunguka tukimpigia vigelegele. Aliponikumbatia alininong'oneza, "Usiache rafu zipoe." Nikamwahidi.

Wiki chache baadaye, Jumatatu, niliingia kwa yule mzee wa Kibaoni na boksi langu mkononi. Rafu ya usawa wa kifua haikuwa na sabuni yetu. Ilikuwa imejaa sabuni ya kampuni nyingine, kampuni iliyokuwa imeitaka rafu ile siku zote ikashindwa. Ya kwetu ilikuwa imerundikwa chini, karibu na dawa za mbu. Nilidhani mzee amekosana na kampuni yetu. Kisha nikatazama vizuri jinsi ile sabuni ngeni ilivyopangwa. Majina yote yalitazama mbele, na pale mbele, kulia kidogo, pakiti moja ilikuwa imechomolewa.

Nikaliweka boksi langu chini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona umekuja tena, na mama yako alishapanga tangu Jumamosi?"

"Mama yangu?"

"Ehe. Kaja na vijana wake na gari. Kaniambia sasa mko na sabuni hii. Nikamuuliza, na binti je? Akasema, mwanangu anajua."

"Sijui, baba. Sikuambiwa kitu. Mimi bado niko na sabuni ile ile."

Mzee alinitazama, akatazama rafu, akakuna kidevu. Nilimwomba airudishe sabuni yetu mahali pake. Alikuwa mtu mwema, nataka ulielewe hilo, na alichonijibu alikisema kwa upole kabisa.

"Hapo unaniweka pabaya. Nimwondoe mama nimweke mwana? Watu wataniambiaje? Haya ni mambo ya nyumbani, binti yangu. Nendeni mkayamalize nyumbani, mkikubaliana njooni wote wawili, mimi nitapanga mtakavyosema."

"Si mama yangu wa kunizaa. Mama yangu yuko Mngeta."

Mke wake, aliyekuwa kaunta akifunga sukari, aliinua uso. "Na siku zote ulipokuwa unaitika 'abee mama', ulikuwa unamwitikia nani?"

Nikabeba boksi langu nikatoka. Nilizunguka maduka mengine siku ile ile. Kila mahali nilikuta pengo la pakiti moja, na kila mahali nikaambiwa yale yale. Kamalizaneni nyumbani. Mmoja alinipa na nauli ya bajaji niende kumwomba mama msamaha, kwa sababu kwa akili yake binti anayegombea rafu na mama yake lazima amemkosea kitu. Hakuna mwenye duka aliyenidhulumu. Walifanya kile ambacho mtu mstaarabu wa hapa hufanya akikuta mzazi na mtoto wanatofautiana: walijitoa. Na Msimamizi alilijua hilo, kwa sababu yeye ndiye aliyewajengea imani ile, duka kwa duka, kwa mkono wake juu ya bega langu.

Nilituma picha za rafu kama kawaida, maana kazi ni kazi. Ofisa wa kampuni akanipigia simu kutoka Morogoro kuuliza Kibaoni kumetokea nini. Nilimweleza. Akasema anasikitika. Jumatatu na Jumatano zikaondolewa. Nikabakiwa na Ijumaa, na Ijumaa yenyewe ikahamishiwa Kidatu, ambako siku nzima inaishia barabarani.

Sikwenda Katindiuka. Usidhani ni kiburi. Niliogopa ataniandalia chai, nami nitakunywa.

Tulikutana msimu wa mavuno uliofuata, kwenye mashine ya kukoboa. Mama alikuwa amenitumia magunia ya mpunga kutoka Mngeta na nilikuwa kwenye foleni, nimekaa juu ya gunia. Yeye alikuja akisukumiwa baiskeli yenye magunia mawili. Kwa hiyo la mpunga lilikuwa kweli, alikuwa amelima. Mashine ilikuwa inanguruma, pumba zinaruka, na mle ndani hakuna anayesikia chochote. Akanipungia mkono. Nikasimama, nikamwendea, nikainama.

"Shikamoo."

Alisoma midomo. "Marahaba mwanangu."

Tukakaa juu ya gunia langu, bega kwa bega, hatuongei, kwa sababu mashine haikuturuhusu. Alikuwa amepungua. Alitoa karanga kwenye mfuko akaniwekea kiganjani, nami nikazishika bila kula. Halafu umeme ukakatika. Mashine ikapunguza sauti, ikazima, watu wengine wakatoka nje kupunga upepo.

"Umekonda," alisema.

"Kidatu ni mbali."

"Nilisikia wamekupeleka huko." Alipangusa pumba kwenye sketi yake. "Uliza unachotaka kuuliza. Nimekuzoea, ukinyamaza hivi una swali."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeniomba nisiende. Na mimi ningebaki. Hawa wapya wamenipa kazi ya mwezi mzima, na bima, na gari la kunifikisha. Kule kwetu niliomba miaka yote, wakaniambia mama wewe ni wa siku. Nina wajukuu watatu pale nyumbani, umewaona."

"Ungekwenda. Nisingekuzuia kwenda. Lakini rafu zangu."

"Rafu zako?" Aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira. "Nani alibeba chumvi siku maji yameingia? Nani amezika na wale watu? Zile rafu nilizitafuta mimi. Wewe nilikuazima."

Hilo lilikuwa kweli, na nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, kwa hiyo lilinikuta bila kinga. Nikatazama karanga mkononi.

"Sawa," nikasema. "Zilikuwa zako. Basi ungewaambia ni zako, nimekuja kuzichukua. Kwa nini uliwaambia mwanangu anajua?"

Nje mtu alikuwa anamtania mwenye mashine kwamba umeme wake una mguu mbovu. Msimamizi alikisikia kichekesho kile, midomo ikaanza kutabasamu, ikaacha.

"Kwa sababu mzee aliniuliza," alisema. "Sikupanga kulisema. Akaniuliza, na binti je? Nikaona nikisema hujui, hatanipa. Alikuwa ananipa kwa ajili yako pia. Huko mwishoni walikuwa wanakupenda wewe kuliko mimi."

"Na wale wa maduka mengine?"

"Lilikuwa limeshatoka mdomoni. La pili likawa jepesi."

"Na wakati unanikanda?"

Alinielewa mara moja. "Pale nilikuwa nakukanda," alisema. "Usichanganye." Kisha sauti ikashuka zaidi. "Najua utachanganya. Ningekuwa wewe ningechanganya."

Umeme ukarudi, mashine ikanguruma, na hakuna aliyeweza kuongeza neno. Zamu yangu ilifika. Alinisaidia kuinua gunia, kwa sababu ndivyo alivyo, nami nikamwachia asaidie. Sikumsamehe siku ile, na sitakudanganya kwamba nimemsamehe tangu hapo. Kila nikikumbuka ule mvuke wa maji ya alfajiri nakumbuka na lile neno, mwanangu anajua, nililolisikia kwa mzee wa Kibaoni, na siwezi kuvitenganisha kama alivyotaka. Hicho ndicho alichonichukulia. Rafu ni mbao tu.

Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nikilifikiria jambo moja alilolisema: "Alikuwa ananipa kwa ajili yako pia." Jumatatu, siku ambayo haikuwa yangu tena na hakuna aliyenilipa, nilivaa gauni langu la kawaida nikaenda kwa yule mzee.

"Shikamoo baba. Nimekuja kujitambulisha."

Alicheka. "Kujitambulisha nini, mimi si nakujua?"

"Hunijui, baba. Nilitambulishwa na mtu mwingine." Nikamtajia jina langu na la baba yangu. Nikamtajia mama yangu na kijiji chetu kule Mngeta. Nikamwambia ninapanga rafu na nimekuja kuomba nafasi yoyote ya sabuni yetu, kwa niaba yangu mwenyewe, na mtu mwingine akija akasema mimi najua, anipigie simu aniulize. Nikamwandikia namba. Mke wake aliacha alichokuwa anafanya akasikiliza mpaka mwisho.

Mzee alifikiri. "Ya kifua siwezi," alisema. "Nimeshampa mama… nimeshampa yule mwingine. Chukua ya chini, ile ya dawa za mbu. Tutaona huko mbele."

Nilipiga magoti sakafuni nikaanza kufuta vumbi. Kampuni imenirudishia Jumatatu kwa ajili ya rafu hiyo ya chini. Ni siku moja, lakini ni yangu.

Basi, kazi inafaa, na utaiweza. Una macho na una subira, nimekuona. Mimi nitakufundisha kupanga, ila dukani sitakupeleka. Kesho asubuhi nenda mwenyewe, msalimie mwenye duka, mtajie jina lako na mahali kwenu, mwachie namba yako ya simu, na ungoje akuite kwa jina hilo kabla hujagusa rafu yake.